Posa Niliyoipeleka Chuo Kikuu

Jumatatu, 12 Januari
Chai. Dawa ya presha. Kukohoa. Neema kanipa shikamoo akipita mbio. Mjukuu wangu, kazaliwa hapahapa Troyeville, ugenini huku kusini, Kiswahili chake karibu chote ni hicho. Miaka miwili kasoma uhasibu chuo kidogo, sasa anaomba kuhamia chuo kikuu, kule Braamfontein. Wakiyahesabu masomo yake, anaingia mwaka wa pili. Wasipoyahesabu, anaanza upya na watoto wa juzi, na ufadhili anaupoteza. Faili liko kwa mama mmoja Mkenya. Mkenya! Basi mtu wetu huyo.

Jumanne, 13 Januari
Nimevaa koti la harusi. Nimepitia Fordsburg kuchukua sambusa za moto, nikapanda basi. Binti haingii kwa watu bila mzee wa kumtangulia. Posa hupelekwa hivyo, na chuo nacho ni ukoo tu, wenye masharti mengi.

Nimemsifu Neema. Nimeisifu ofisi. Nimemsifu na yule mama mwenyewe, hapo nikapitiliza kidogo. Kacheka. Nikasukuma sambusa mezani. Kicheko kikakatika. Akasema polepole, kama anaongea na baba yake: "Mzee wangu, hii hungefaa kuleta. Sasa faili ya Neema siwezi kuigusa tena."

Nimeondoka na mfuko wangu. Kwenye robot, taa za barabarani za huku, ya kijani imewaka mara mbili, sijavuka.

Jumatano, 14 Januari
Sijamwambia Neema. Sambusa nimezila mwenyewe, jikoni, nimesimama. Mwoga mkubwa.

Alhamisi, 15 Januari
Kajua. Kapigiwa simu: faili limepewa mtu mwingine, na imeandikwa humo kwamba babu alileta zawadi. Huyo mpya hana haraka, na masomo yanakaribia kuanza.

Neema hakupiga kelele. Bora angepiga. Kasema kwa Kiingereza, na leo nilitamani nisingekijua: "Alama zangu zilikuwa safi, Babu. Sasa zina mafuta."

Darasa la nne mimi. Nikaenda kumwombea mtu aliyesoma.

Jumapili, 18 Januari
Hanisalimii. Anapita kana kwamba mimi ni ukuta. Kanisani wazee wenzangu wameniuliza mbona leo sina utani. Nimesema jino linauma. Sina jino hata moja.

Jumatano, 21 Januari
Jibu limetoka. Mwaka wa pili, na somo moja la mwaka wa kwanza atalirudia. Nimesikia kupitia ukuta, akimwambia mama yake. Mimi sikuambiwa. Nimefurahi mpaka nikakaa kitandani. Furaha ya kuiba.

Alhamisi, 22 Januari
Chai. Dawa. Neema kapita na begi lake. Kafika mlangoni, kasimama, hakugeuka.

"Shikamoo, Babu."

Sauti kavu, bado ana hasira. Mzaha ulikuwa tayari mdomoni. Nimeumeza. Nimejibu marahaba, basi.