Chungu cha Midomo Miwili

Tororo,
Machi 1965

Dada yangu Apio,

Pokea salamu zangu, wewe na wote hapo Dabani. Mama hajambo? Kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia.

Unajua nilipewa kazi ya kupanga chumba cha makumbusho hapa mjini. Nimeweka ngoma, mikuki na viti vya wazee, na kando ya kila kitu kikaratasi cha maelezo kwa mwandiko wangu. Watu wanakuja, Dada! Juzi mama mmoja alileta watoto wake mapacha, akawanyanyua mmoja mmoja waone chungu cha midomo miwili. Walicheka mpaka nami nikacheka.

Lakini kuna bibi mmoja simwelewi. Kila siku ya soko hupita ngoma na mikuki bila kutazama, akasimama mbele ya chungu hicho tu. Hacheki. Huinama akachungulia shingo yake. Nikajisemea, huyu ni mwizi, anapima. Nikafunga dirisha kwa waya, nikahamishia meza yangu mlangoni. Hata kikapu chake nilikipekua.

Jumamosi akaniuliza chungu kimetoka kwa nani. Nikamwonyesha kikaratasi: mtoaji hajulikani. Akasema yeye ni Kevina, shangazi yake Loice, mke wa kaka, na kwamba Loice alimweleza chungu cha mama mkwe wake kina ufa shingoni, umezibwa kwa nta. Akajifunga leso yake, akaenda zake.

Dada, mwizi ni mimi. Ni chungu chenu cha upacha, wewe na marehemu Adongo, kile kisichotoka nyumbani. Bwana mkubwa wa hapa kazini alilalamika kwamba chumba hakina kitu cha kumsimamisha mtu. Basi Krismasi, mlipokuwa kanisani, nikakifunga katika blanketi nikaondoka nacho. Nilidhani nitakirudisha kabla hakijaulizwa. Mlipomshuku Loice, kaka akamrudisha kwao bila mtoto wake, nilipata habari nikanyamaza. Wageni walikuwa wanafurahi, nami nikanogewa. Naona haya hata kuandika.

Jumapili nakuja nacho. Msinisubiri mimi, mfuateni Loice kwanza, ampakate mwanawe. Na Mama usimfichie, msomee barua yote.

Leo wageni wamekuta kikaratasi kipya: Chungu cha Apio na Adongo wa Dabani. Kiliibwa na ndugu yao, aliyepanga chumba hiki. Wamekisoma, wakanigeukia. Hakuna aliyecheka.

Nisalimie kaka, kama bado atapokea salamu yangu.

Ni mimi ndugu yako mkosaji,
Hudson