Kibao cha Baba kwenye Filamu

Jumapili, baada ya Magharibi

Na bado sijamsamehe. Kwenye filamu ya historia ya ubaharia, Sefu, niliyemfundisha shule ya Pongwe, ameonyesha kibao cha kupimia nyota cha marehemu baba nilichomwazima, akasema ni urithi wa babu yake. Babu yake alikuwa fundi cherehani Ngamiani!

Kibao kina uzi wenye mafundo. Nahodha huuma fundo la bandari anayoiendea, akaunyoosha uzi. Ukingo wa chini wa kibao ukilala kwenye upeo wa bahari na nyota ya kaskazini ikigusa ukingo wa juu, amefika usawa wa bandari hiyo.

Leo Sefu kapiga simu. Kesho, kwenye onyesho la filamu, ataonyesha mbele ya wageni kinavyotumika.

"Shikamoo mwalimu. Fundo la Maskati ni lipi?"

"Marahaba. Kwani babu yako hakukwambia?"

Nikakata. Naogopa kibao hakitarudi. Lakini kesho nitakaa kiti cha mbele, nione atauma fundo lipi.