Aliyekaa Kiti cha Nyuma

Harlan Ferry, Ohio
16 Oktoba 1911

Mpendwa Adeline,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko chuoni Boston, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi hapa tunapumua, ila mama hali chakula. Mimi nimemaliza shule, sasa nashona kofia dukani kwa Bi Tuttle.

Najua nyumbani kwenu hawajakuandikia kuhusu Hermine, ingawa ndiye kijakazi wao. Dada yangu yuko mahabusu. Mzee Pruitt, yule mnoa visu, aligongwa na gari mbele ya duka letu, na gari halikusimama. Baada ya siku mbili akafa. Askari walikuwa wakitafuta gari la petroli, wakidai mzee alikuwa kiziwi ndiyo maana hakulisikia. Nikamwambia sajini, kwa sauti iliyomlazimu kuniinamia, kwamba mzee hakuwa kiziwi. Gari lile halikunguruma, halikuacha moshi, na mbele halikuwa na hendeli ya kuwashia. Lilikuwa la umeme.

Kumbe nilikuwa namponza dada. Mwoka mikate alisema aliona kofia nyeupe ya kijakazi kwenye kiti cha mbele, basi wakamkamata Hermine, eti alichukua gari la kwenu kwenda kutembea. Hermine akasema hajui hata kuliondoa, wakacheka. Nikarudi kwa sajini, nikamweleza kwamba magari yale huendeshwa kutoka kiti cha nyuma, kwa mkono wa chuma badala ya usukani, na anayekaa mbele humtazama dereva, barabara akaipa mgongo. Akaniambia, "Binti, rudi kwenye kofia zako. Hata farasi anajua dereva hukaa mbele."

Kesi ni Alhamisi, nami nimeitwa. Unanijua, Adeline, darasani nilishindwa hata kusoma shairi kwa sauti. Nikiwaza ukumbi ule umejaa watu, nashona bila kutazama hadi sindano inanichoma.

Juzi mama yako alikuja dukani. Alinunua utepe asiouhitaji, akanikumbusha gauni alilonipa la kipaimara, kisha akanishika mkono. Akasema, "Ottilie, mwanangu, wewe mpole. Nani atakulazimisha usimame mbele za watu?" Vidole vyake vilikuwa baridi kuliko vyangu.

Siku ile nilikuwa mlangoni, Adeline. Ndiyo kwanza nilikuwa nimempa Hermine boksi la kofia alishike. Pazia la nyuma lilifungwa nusu, lakini niliiona glavu ya kijivu juu ya ule mkono wa chuma. Kifungo chake nilikishona mwenyewe. Ni ya mama yako.

Hermine anaogopa kumtaja mwajiri wake, lakini mimi Alhamisi nitasema hivyo, sauti ikikubali kutoka. Nakuomba usinijibu kabla. Barua yako ikiwahi kufika sitaifungua, maana ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza.

Mama anakusalimu sana. Hajui ninachokuandikia. Vaa nguo nzito, huko baridi inaanza mapema.

Rafiki yako, kama utapenda niendelee kuwa,
Ottilie Krämer