Nyongo Itapitaje Kitovuni?

Alhamisi jioni. Mvua ya leo haikungoja hata saa nane. Imenyesha, ikaacha, ikarudi, na mimi nimeshinda hivyo hivyo: nakubali, nakataa, nakubali tena.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi natakiwa kuwa hospitalini mjini Kakamega, tumbo tupu, fomu mkononi. Fomu iko hapa mezani.

Sijatia sahihi.

Nina mawe kwenye nyongo. Picha ya tumbo iliyaonyesha mwezi uliopita, baada ya maumivu kuniangusha kando ya sufuria, wateja wakinitazama. Daktari alisema nyongo itolewe pamoja na mawe yake, akanipa njia mbili. Anipasue chini ya mbavu, mkato mrefu kama kiganja. Au anitoboe matundu manne madogo, moja kwenye kitovu, apitishe kamera na vyuma vyake vyembamba, avute nyongo itokee hapo. Kwa njia hiyo ya pili, huenda kesho yake niko nyumbani.

Hapo ndipo niliposhuku. Jambo zito likielezwa kwa wepesi namna hiyo, mimi huanza kutafuta lililofichwa.

Halafu nyongo si kitu kigeni kwangu. Nina kibanda cha kupika kuku wa kienyeji hapa Khayega, ingokho na obusuma, yaani kuku kwa ugali, mwaka wa kumi na nne huu. Kuku simwachii mtu anichinjie. Nyongo imekaa imegandana na ini, na ukiigusa vibaya inapasuka, nyama yote inakuwa chungu. Ndiyo maana mimi huikata na kipande cha ini, navitupa vyote viwili. Hiyo ni kuku amelala wazi mbele yangu, mchana, kisu changu mwenyewe. Sasa mtu ananiambia ataibandua yangu kwa kutazama kwenye skrini?

Mama Sharon, anayeuza ndizi karibu nami, hakunisaidia. Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Hiyo shimo ni ya kupitisha sindano, si nyongo," aliniambia. "Hao watu wanajifunzanga na sisi."

Nilimjibu kwamba anaongea bila kujua. Lakini maneno yake nilienda nayo nyumbani, nikalala nayo.

Jumatatu nilirudi hospitalini na swali moja tu: je, ikipasuka mkiwa ndani? Kijana aliyekuwa kwenye zamu alinijibu bila hata kuinua macho kwenye karatasi zake. Haipasuki, mama, hata siku moja. Nilitoka pale nikijua nimedanganywa. Miaka kumi na minne, na mikono hii, nyongo za kuku zimenipasukia mara ngapi?

Nilipofika nyumbani nikasoma fomu yote, mpaka maandishi madogo ya chini. Imeandikwa kwamba matundu yakishindikana, nimekubali wanipasue palepale, nikiwa usingizini. Nikasema, basi, mtego ndio huu. Wanakuonyesha matundu, unaamka na mkato.

Leo asubuhi nikaenda kumtafuta daktari mwenyewe atakayenifanyia. Ni mwanamke, mdogo kwangu kiumri, mikono mifupi kama ya mtu wa kukanda unga. Nilimuuliza swali lilelile, nikasubiri aniambie haipasuki, nipate sababu ya kuichana ile fomu mbele yake.

"Wakati mwingine inapasuka," alisema. "Tunafyonza, tunaosha, tunaendelea. Na nikiona mambo hayaonekani vizuri, nakufungua. Siwezi kung'ang'ania matundu ili nionekane fundi."

Alinieleza kwamba nyongo huwekwa kwanza kwenye kifuko kidogo ndani ya tumbo, ndipo ivutwe. Akaniambia pia nisikae nayo sana. Ikivimba sana, inaweza kuoza, na hapo matundu huenda yasiwezekane tena.

Kisha akataka kujua kwa nini niliuliza hilo. Nikamweleza kazi yangu. Alifurahi kweli, akaniuliza: na wewe ikipasuka, unafanyaje?

"Namtupa yule kuku," nilisema.

Nilimdanganya.

Sijawahi kumtupa kuku hata mmoja. Namwosha kwa chumvi na ndimu, namkaanga zaidi, nampeleka mezani. Mwaka jana bwana mmoja anayetembeza wageni msituni Isecheno alitafuna kipande, akakunja uso, akasema nyama ina uchungu. Nilimwangalia machoni nikamwambia ni mboga, mrenda wa siku hiyo. Aliomba msamaha. Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Akamaliza sahani yote.

Nimekaa na hilo tangu saa tano. Mwezi mzima nimewatazama watu wa hospitali kama wezi, nikidhani ni akili yangu inaona mbali. Kumbe nilikuwa nawapima kwa kipimo changu. Najua jinsi mtu anavyosema "hakuna shida" huku mikono inanuka nyongo, kwa sababu mtu huyo ni mimi. Nimeona aibu, na sijui nimwambie nani zaidi ya kuandika hapa.

Lakini aibu haiondoi hofu. Tatizo langu kubwa, nikisema kweli, si ukubwa wa tundu. Ni kwamba nitakuwa nimelala, na kazi itafanywa bila macho yangu kuwepo. Yule bwana wa Isecheno naye hakuwa jikoni.

Nimetia sahihi sasa hivi. Kalamu ilikataa mara mbili, ya tatu ikaandika.

Nikiamka nitamuuliza daktari kama ilipasuka. Akisema ndiyo, nitamwamini.

Akisema haikupasuka, je?

Nadhani nitamwamini. Nitajitahidi.