Usiupasue Obwato wa Baba

Göteborg, Uswidi
Februari 1992

Mdogo wangu Deo,

Kabla hujaketi kusoma, mwambie yule fundi wa Kaisho achukue shoka lake aende zake. Ndipo nikuulize hali. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mpe shikamoo yangu. Mimi ni mzima, ila hasira.

Barua yako ilifika Alhamisi. Unaandika: "Dada, mbao ya nyumbani uliyoagiza imepatikana. Pasaka tunapasua obwato wa baba." Nilianza kusoma nimesimama, nikamaliza nimekaa sakafuni. Mtumbwi ule marehemu baba aliokamulia ndizi za pombe, ambao watu wa Kimuli nzima waliuazima kwa harusi! Kosa la kwanza ni langu. Niliandika "mbao ya nyumbani" nikimaanisha mti unaoota kwetu, omushambya. Wewe ukaelewa mbao iliyomo nyumbani mwetu. Lakini Deo, hata kuuliza?

Nilikuomba kwa sababu ya ugomvi. Karakana yetu inatengeneza ubao wa ukutani wa kutundikia makoti. Mashine ya leza inatoboa ubao kwa mwale wa mwanga unaounguza, inachora majani na maua, kisha taa inafichwa nyuma, mwanga utokee matunduni. Kila mfanyakazi aliambiwa achague mti wake kwa maonyesho. Nilipotaja omushambya, msimamizi wetu, Bwana Lennart, akacheka.

"Yustina, miti ya Afrika ni ya vinyago."

"Na kahawa unayokunywa hapo, nayo ni ya vinyago?"

"Lete mti, siyo maneno."

Siku ya kuchagua ikafika, barua yako haijafika. Nikaenda chumbani nikauchukua mwiko wa Mama, ule wa omushambya alionipa siku ya safari akisema, "Huu usimpe mtu." Nikaupasua katikati, nikauweka kwenye mashine. Leza ikapita safi, kingo zikabaki na rangi ya kahawa iliyokaangwa, na taa ilipowashwa mwanga ukawa wa ndizi mbivu. Lennart akauandika mti wetu kwenye orodha. Mbao atatafuta yeye.

Nilishinda. Sasa nasonga ugali kwa kijiko cha bati, na kila nikisonga naona aibu. Ndiyo maana nakupigia kelele: kosa unalotaka kulifanya mimi nimeshalifanya.

Tena obwato usingefaa. Umekunywa sukari ya ndizi tangu hatujazaliwa. Leza ingeuunguza ukawa mkaa. Na hata ungefaa, ningekukataza. Najua utasema mwanamke hana kauli juu ya chombo cha pombe. Nani alikuwa anakata nyasi za kukamulia, wewe? Wewe ulikuwa unalamba vidole!

Nisalimie mkeo, shemeji yangu mvumilivu, na baba mdogo wa Nkwenda aliyenizoeza kubishana na magazeti. Habari ya mwiko usimwambie Mama, nitamwandikia mwenyewe.

Lakini kama shoka limeitangulia barua hii, usinijibu mimi. Nenda kwa Mama, piga magoti, umweleze. Akianza kukugombeza usimkatize. Na akimaliza zamu yako, baki hapohapo umsikilize na zamu yangu, mimi niliyeagiza mbao.

Dada yako, mvunja mwiko,
Yustina