Mwizi Niliyemjua Siku ya Pili

Mjukuu wangu Salma,

Nakusalimu kwa furaha. Huku Wiyoni sote ni wazima, na dadako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza umfiche vipi mwizi katika hadithi zako za upelelezi. Nikwambie ya fungate yangu, kabla ya vita vya Wajerumani. Siku saba hatukutoka nyumbani, na babu yako, kijana mzuri ajuaye Kiingereza, alinisimulia kitabu cha upelelezi, kila siku kipande. Humo mkufu wa bibi tajiri umeibwa.

Siku ya pili nikasema, "Mwizi ni mumewe. Wote wanauliza mkufu uko wapi, yeye hajauliza."

Akaendelea kusimulia. Siku ya saba akanambia mwizi ni mpishi.

"Bwana, mpishi si alikuwa sokoni? Umenambia mwenyewe."

Akacheka, akajifunika uso kwa kitabu. "Ni mumewe, Bi Zuhura. Niligeuza mwisho nikichelea utanichoka kabla fungate haijesha."

Moyo wangu ulimwangukia pale pale, na haujainuka hadi leo. Mwizi nilishamjua, Salma, na siku zote zile nilikaa kumsikiliza babu yako.

Akupendaye,
Bibi yako