Kadi Mia Mbili na Kumi

Unyambwa, Jumamosi, mwezi wa nane

Mia mbili na kumi, na hata moja sikuitia namba.

Kadi hizo zenye matundu ndizo programu yangu. Kompyuta ya chuo huzisoma moja baada ya nyingine. Mpangilio ukivurugika, hesabu yote imeharibika. Jumatano nitaziwasilisha, na kwa hizo walimu wangu wataamua kama nitaunganisha shahada ya uhandisi na ya uzamili ya kompyuta, kwa mwaka mmoja tu wa nyongeza.

Mchana baba alirudi kutoka shamba la kijiji, akakuta sanduku langu wazi.

“Nimekupangia karatasi zako,” aliniambia. “Zenye matundu mengi juu, machache chini. Ulizichanganya kama mtu asiyesoma!”

“Hata uji baba yako hakutaka,” mama alisema, akicheka. “Kazi ya msomi, eti.”

“Ahsante, baba.” Nikatoa daftari nililoandikia programu.

Kosa ni langu. Tulifundishwa kuchora mstari wa mshazari ubavuni mwa bunda, ili kadi iliyohama ionekane mara moja. Niliiona ni tahadhari ya wazembe.

Nimezirudisha moja moja kwa kufuata daftari, mpaka macho yakauma. Baba alisimama akitazama.

“Kwa hiyo nilikuharibia?”

“Mimi ndiye sikuchora mstari, baba.”

Akaketi, akabana bunda kwa mikono miwili, nami nikachora. Hakutikisika hata kidogo.

Kadi mbili zinafanana mno, na mistari yake daftarini imefifia. Sina hakika ipi hutangulia. Hilo sikumwambia.